Trela la alumini la mwaka 1986: rangi mpya bila kukwangua mpaka bati

"Shikamoo fundi. Naishi Des Moines, Iowa, na mume wangu na watoto watatu. Tumenunua kwa mtu trela la kusafiria la mwaka 1986, urefu wa futi 20, tuwe tunalivuta na gari letu likizo za kiangazi. Ndani ni pazuri, ila nje bati lake la alumini lenye mikunjo limechoka. Ukipitisha mkono unatoka na unga mweupe, stika za zamani zimepasukapasuka, na karibu na dirisha la nyuma rangi imevimba vipele. Gereji moja imetutajia bei inayokaribia ile tuliyonunulia trela lenyewe. Kaka yangu ni fundi wa rangi za magari eneo la Gerezani, Dar es Salaam. Yeye anasema nikwangue rangi yote mpaka bati libaki tupu, nipige puti ya kujazia vibonyeo, halafu nikodi kompresa nipulize rangi ya magari yenye hadina, ile dawa ya kuikausha iwe ngumu. Jirani yetu anasema ninunue tu rangi ya nyumba nipake kwa rola. Nimsikilize nani? Na je, nikipaka rangi nzito itaziba panapovuja? Maana mvua kubwa ikinyesha kabati la nyuma linapata unyevu. Napenda bluu iliyokoza, karibu na nyeusi."

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mengi kwa mpigo mmoja, na lile uliloliweka karibu na mwisho, la unyevu kabatini, ndilo linaloamua kama mengine yana maana. Naanza nalo.

Rangi haizibi maji, hata iwe nzito kiasi gani. Makoti matatu yaliyopakwa kwa rola, yakishakauka, yanabaki na unene wa kama sehemu ya kumi ya milimita. Trela likiwa barabarani linatikisika muda wote, fremu yake inacheza, na bati linatanuka juani na kusinyaa usiku. Pale vipande viwili vinapokutana, mwendo huo mdogo unaikata rangi ndani ya msimu mmoja, na maji yanapita tena njia ileile. Tofauti ni kwamba safari hii unyevu unafichwa na rangi mpya, na mbao zinaoza bila mtu kujua.

Trela la aina yako limejengwa hivi: fremu ya mbao nyembamba, katikati pamba ya kuzuia joto na baridi, na nje mabati mepesi ya alumini yaliyoshikanishwa kwa kupachikwa moja juu ya jingine. Pembe zote zinafunikwa na ukanda wa alumini uliokazwa kwa skrubu, na chini ya ukanda huo kiwandani waliweka nta laini ya kuzuia maji. Nta ile ikikaa miaka mingi inakauka, inakatika, na maji yanaingia kwenye pembe, kuzunguka madirisha, taa na matundu ya paa. Usidhani maji yanaingia pale unapoyaona. Yanaweza kuingia kwenye ukingo wa paa, yakateremka ndani ya ukuta na kutokea kabatini.

Vile vipele karibu na dirisha vinasema jambo hilohilo. Alumini inayokaa na unyevu kwa muda mrefu hutoa chumvi nyeupe, na chumvi hiyo inahitaji nafasi, kwa hiyo inaisukuma rangi kutoka chini. Ukisugua juu tu na kupaka, vipele vitarudi palepale.

Fungua kabati la nyuma na uchomechome mbao kwa bisibisi, hasa chini ya dirisha na kwenye pembe. Mbao nzima inakataa, iliyooza inameza ncha. Kama mbao ni nzima, kazi inayofuata mnaiweza wenyewe. Fungua skrubu za ukanda wa pembeni, uutoe wote, na dirisha pia ulitoe. Kwangua nta ya zamani kwa kipande cha plastiki, weka utepe mpya wa butili, yaani mpira laini unaonata, rudisha ukanda na dirisha, kaza kwa skrubu mpya zisizoshika kutu, na ukate butili inayotokeza pembeni. Juu ya mstari ule pitisha gundi ya kuzibia ya poliyurethani, ile ambayo kopo lake limeandikwa kwamba inapokea rangi. Kisha, kabla ya kufikiria rangi, mmoja wenu amwagie trela maji kwa mpira kuanzia chini kwenda juu polepole, mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianzia chini utajua ni kiungo kipi kinachovuja. Ukianzia juu maji yatateremka kila mahali na hutajifunza lolote.

Nakuomba sana usitumie silikoni. Najua inauzwa kila duka na inaonekana imeziba vizuri. Rangi haishiki juu ya silikoni, na hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Mwenye trela wa kwanza akiwa aliipaka, na mara nyingi ndivyo ilivyo, itoe yote kwa kukwangua na kwa dawa ya kutolea silikoni kabla hujagusa msasa. Ukitangulia kusugua, unaisambaza ukuta mzima bila kuiona, na siku ya kupaka rangi itakukimbia ikiacha vishimo vya duara kila mahali.

Paa ni kazi nyingine kabisa, lina dawa zake za kupaka kulingana na kama ni la bati au la mpira. Usilipake rangi ya ukutani.

Sasa ushauri wa kaka yako. Kwa magari anayoyashughulikia Gerezani, amesema kweli tupu. Bodi la daladala ni chuma. Kutu ya chuma inatambaa chini ya rangi, kwa hiyo fundi anayejiheshimu anaifuata mpaka mwisho wake, anafika kwenye chuma safi, anapiga praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, na kuanza upya. Alumini ina tabia tofauti. Ikikwanguliwa ikabaki tupu, hewa inaiwekea papo hapo ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho. Ngozi hiyo inailinda alumini yenyewe vizuri sana, ila rangi ya kawaida haipati pa kushika. Ndiyo maana unaona trela lililopakwa vizuri likaachia rangi vipande vikubwa mwaka uliofuata, na chini yake bati linang'aa kama jipya.

Rangi iliyoko kwenye bati lako ilitiwa kiwandani: bati lilitayarishwa kwa dawa, likapakwa, likapitishwa kwenye joto kali. Kazi ya namna ile huwezi kuirudia uwanjani kwako, na mimi pia siwezi. Kwa hiyo pale rangi ya zamani iliposhika imara, iache. Hutapata praima nzuri kuliko hiyo. Unachotoa ni unga, stika, vipele na chochote kinachoachia chenyewe.

Puti nayo iweke kando. Juu ya bati jembamba lenye mikunjo linalocheza kila gari likipita shimoni, puti hupasuka kwa mstari na kubanduka. Vibonyeo vidogo vya mvua ya mawe vistahimili tu. Rangi safi inavipunguza machoni kuliko unavyofikiri.

Jambo ambalo ningemwomba kaka yako mwenyewe alifikirie tena, hata huko gereji kwake, ni rangi ya hadina ya kupuliza. Hadina nyingi za rangi za magari zina kemikali ziitwazo isosayaneti. Zikipulizwa zinakuwa ukungu unaoingia mapafuni, na zinaweza kumwachia mtu pumu ambayo baadaye inaamshwa na hata kiasi kidogo mno. Ubaya wake mwingine ni kwamba harufu haikuonyi. Barakoa ya vichujio ikishachoka hutajua, ndiyo maana gereji zenye vifaa kamili wanamvalisha mpulizaji kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Wewe una watoto watatu na majirani wenye magari, na ukungu wa rangi unasafiri na upepo. Usipulize rangi ya hadina nyumbani. Gharama unayookoa haifiki popote karibu na hiyo hatari.

Jirani yako naye amepatia nusu. Rangi nzuri ya nje ya nyumba, ya akriliki ya maji, inashika kwenye alumini iliyosafishwa na kupigwa praima inayofaa. Inanyumbuka pamoja na bati, bei yake ni nafuu, na mikono unanawa kwa sabuni. Udhaifu wake ni kwamba inabaki laini. Inashika uchafu wa barabarani, matawi yanaichora, na mipira ya madirisha inaweza kunata nayo siku za joto. Kama trela lingekaa limeegeshwa mahali pamoja, ningekuambia itumie na usijute. Lakini ninyi mnataka kulivuta.

Kwa hiyo mimi ningenunua rangi ya mashua, ile ya sehemu ya juu ya maji: poliyurethani ya kopo moja isiyo na hadina, kama Interlux Brightside. Imetengenezwa kwa ajili ya jua na maji, ikikauka ni ngumu na inang'aa, na ina tabia ya kujilaza yenyewe baada ya kupakwa, kwa hiyo alama za rola nyingi hupotea. Rangi ya mafuta ya kawaida ya kupaka chuma ni rahisi zaidi kwa bei na inafanya kazi, ila mng'ao wake unakufa mapema. Zote hizi zina tina, yaani kiyeyushi cha rangi, ndani yake, kwa hiyo mfanye kazi nje au milango ikiwa wazi, na mvae barakoa ya vichujio vya mvuke wa kemikali, siyo ile ya kitambaa.

Kipimo cha rangi unaweza kukipata mwenyewe. Trela la futi 20 lina urefu wa mita 6 na upana wa kama mita 2.4. Zunguka lote unapata karibu mita 17. Ukizidisha kwa kimo cha ukuta cha mita 2 unapata mita za mraba 34. Madirisha yanapunguza kidogo, mikunjo inaongeza, tuseme vinafutana. Kopo la robo galoni la rangi ya mashua, chini kidogo ya lita moja, linafunika kama mita za mraba 9. Kwa hiyo koti moja ni kama makopo manne, na utahitaji makoti mawili, pengine matatu. Nunua yote kwa pamoja, na uchanganye makopo ya rangi moja kwenye ndoo kubwa kabla ya kuanza ili usipate tofauti katikati ya ukuta.

Kazi yenyewe, robo tatu yake ni usafi. Ule unga mweupe ni rangi iliyopoteza gundi yake. Jua limevunja kile kinachoshikanisha chembe za rangi, na chembe zimebaki juu juu. Ukipaka juu yake, rangi mpya inashika unga, na unga haujashika kitu. Osha kwa sabuni kali ya kuondoa mafuta na brashi laini, suuza, rudia. Futa kwa kitambaa cheusi kikavu. Kikitoka na weupe, bado. Stika zipashe kwa kikausha nywele na uzikwangue kwa plastiki, gundi iliyobaki itolewe kwa dawa yake. Kisha futa kuta zote kwa dawa ya kutoa nta na mafuta, ukiwa na vitambaa viwili: kimoja kilicholowa kinapaka, kingine kikavu kinafuta kabla dawa haijakauka. Hayo yote yatangulie msasa, kwa sababu msasa unaisukumia nta ndani ya mikwaruzo.

Msasa namba 220 unatosha kwenye sehemu bapa. Kwenye mikunjo tumia zile pedi ngumu za nailoni za kusugulia, zinajipinda na bati. Usitumie steelwuli wala brashi ya waya za chuma. Vipande vyake vidogo vinabaki vimejichomeka kwenye alumini na kuota kutu chini ya rangi yako. Lengo ni kuua mng'ao tu. Ukimaliza, mwagia maji safi: yakitandaa kama shuka moja, uso ni safi. Yakijikusanya matone, bado kuna mafuta au nta, rudi nyuma hatua moja.

Kuhusu risasi, yaani yale madini yenye sumu, ndani ya rangi, wengi hujituliza kwamba Marekani iliipiga marufuku mwaka 1978. Katazo lile lilihusu rangi za nyumba, vitu vya watoto na samani. Rangi za magari na mitambo hazikuwemo. Kwa hiyo mwaka 1986 peke yake haukupi uhakika. Nunua vijiti vya kupimia risasi dukani, sugua kwa msasa wa maji badala ya ukavu, tandika plastiki chini, na watoto wasiwe karibu mpaka umekusanya kila kitu.

Palipobaki bati tupu, hasa pale penye vipele baada ya kuondoa chumvi yote nyeupe, piga praima ya tindikali iliyotengenezwa kwa alumini, nyembamba kabisa, au praima ya epoksi. Chagua moja. Epoksi nyingi hazitaki kupakwa juu ya praima ya tindikali, na karatasi ya maelezo ya mtengenezaji inasema wazi. Soma pia ni baada ya saa ngapi unaruhusiwa kupaka rangi juu yake. Ukipitisha muda huo, lazima usugue tena kidogo. Kadiri inavyowezekana, praima na rangi zitoke kwa mtengenezaji mmoja.

Kabla ya kununua makopo yote, nunua moja. Chagua sehemu iliyojificha ya kama nusu mita, ifanyie kila hatua, acha wiki nzima. Kisha chora alama ya X kwa wembe, bandika teipu imara, ivute kwa nguvu. Rangi ikibaki, endelea. Ikitoka na teipu, umepoteza kopo moja na umeokoa kiangazi kizima.

Siku ya kupaka iwe na joto kati ya nyuzi 10 na 29 za Selsiasi, bila upepo, bila mvua hata usiku wake. Kwa Iowa ningetazama mwisho wa Mei au Septemba, kwa kuwa Julai kwenu unyevu wa hewa ni mwingi mno. Anzeni umande ukishakauka na mmalize mapema alasiri, maana umande ukikuta rangi mbichi unaua mng'ao wote. Pakeni upande ulio kivulini na mlifuate jua kwa nyuma.

Muwe wawili. Mmoja anapaka kwa rola ndogo ya sponji ya inchi 4, rangi nyembamba, eneo la upana wa mkono. Mwingine anamfuata papo hapo na brashi nzuri isiyochovywa, akigusa juu tu kwa ncha, akifuata mikunjo, kulaza mapovu. Mwende mbele bila kurudi nyuma. Sehemu iliyoanza kukauka ukiigusa tena inavutika na kuacha kovu, hata kama umeona nywele ya brashi imenasa. Hiyo utaitoa kesho kwa msasa. Kati ya koti na koti pitisha msasa namba 320, futa vumbi, endelea. Koti la kwanza litakuvunja moyo, utaona madoa na rangi ya zamani ikionekana. Ni kawaida.

Usipake mipira ya madirisha, vitundu vidogo vya chini ya madirisha vinavyotolea maji, matundu ya hewa ya friji, kibao cha namba ya trela, maandishi ya tahadhari ya gesi, wala taa na viakisi vyekundu na vya njano, ambavyo sheria inavidai barabarani. Mitungi ya gesi ifungwe na itolewe kabla hujafungua tina, na hakikisha hakuna moto mdogo unaowaka kwenye friji au hita. Vitambaa vyenye rangi ya mafuta usivikunje ukavitupa pamoja. Vinaweza kujipasha moto vyenyewe mpaka vikawaka. Vianike nje kimoja kimoja, au viloweke majini kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Rangi na tina inayobaki peleka kwenye kituo cha taka za hatari cha kaunti yenu, usiimwage.

Kuna hali ambazo nitakusihi umwite fundi aje aone kwa macho yake. Bisibisi ikizama kwenye mbao ya pembe, au sakafu ikibonyea unapokanyaga, hiyo ni mifupa ya trela, na halifai kuvutwa barabarani mpaka irekebishwe. Ukikuta nyaya za umeme zimelowa ukutani, chomoa trela kwenye umeme na umwite fundi umeme. Bomba la gesi lililolegea au lenye harufu usilijaribu mwenyewe. Na kama kuna mwenye pumu nyumbani, muulize daktari wake kabla hamjafungua kopo lolote lenye tina.

Imebaki bluu yako iliyokoza. Ni rangi nzuri, lakini kwa trela zima sikushauri. Ukuta wenye rangi nzito unakusanya joto la jua kuliko mweupe, na nyuma ya bati lako pamba ni nyembamba. Watoto watalala kwenye joto, na viungo ulivyoziba kwa shida vitatanuka zaidi kila mchana. Rangi nzito pia inaonyesha kila kibonyeo na kila pito la rola, na kupauka kwake kunaonekana mapema. Paka nyeupe au krimu kuanzia chini ya madirisha kwenda juu, na bluu yako iwe ukanda mpana wa chini, pale mawe na tope vinaporukia. Anza na sehemu ya juu, iache ikauke vizuri siku kadhaa, ndipo ubandike teipu ya kufunikia na kupaka bluu. Teipu itolewe rangi ikiwa bado mbichi kidogo, kwa kuivuta kuelekea nyuma, na mstari utatoka mnyoofu.